Msuka Viti Asiyekaa

Saa mbili na robo asubuhi, na Mama Viti amekwisha kukifumua kiti kile kile kwa mara ya tatu.

Amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, mbele ya kibanda chake cha mabati nyuma ya soko. Kiti kimelazwa miguu juu. Kamba nyembamba ya rangi ya udongo imemzagaa mapajani. Anaivuta, anaikunja, anasimama, anakizunguka kiti, anapiga magoti tena.

"Kamba leo imekataa," anasema, bila kuulizwa na mtu.

"Kamba imekataa, au wewe?" anauliza fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemeana na hiki kwa miaka tisa. "Jana imekataa, juzi imekataa. Kamba gani hiyo yenye kiburi kuliko mke wangu?"

Siku nyingine Mama Viti angemjibu, na wangecheka mpaka wauza nyanya wa ng'ambo wageuke. Leo anatazama barabara, anatazama kiti, anajifuta mikono ambayo haina kitu.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na nane hasuki viti akiwa amekaa. Huchuchumaa, hupiga magoti, na panapohitajika nguvu husimama akavuta kamba kwa uzito wa mwili mzima. Kibandani mwake mna viti tisa vya watu vinavyosubiri zamu. Cha kwake hakuna hata kimoja. Kiti kimoja humpa chakula cha siku tatu kwa watu wawili, yeye na binti yake, na siku ya nne anatakiwa awe ameshaanza kingine.

"Nikikaa, mawazo yananikuta pale pale," anasema. "Nikisimama, angalau yanaanza kwa kunitafuta."

Kiti kinachomhangaisha si cha mteja wa mtaani. Ni cha ukumbi wa mji, lile jengo la madirisha marefu ambalo rangi yake ya chini huchubuliwa na mabega ya watu wanaosubiri kuitwa. Mle ndani mna viti kumi na viwili walivyokalia wajumbe wa kwanza wa mji, zamani sana, na kila kimoja kimechongwa namba mguuni; hiki anachokifumua ni cha nane.

Mwaka huu uongozi uliamua viti hivyo viingizwe kwenye orodha ya urithi. Kikapangwa pia kijitabu cha picha cha kugawiwa shuleni. Shida ikawa moja: kumi na kimoja vilikuwa hoi. Vingine viliwahi kuwekewa sponji na plastiki ya maua. Vingine kamba zake zimelegea kiasi kwamba mjumbe mnene akikaa, kinachobaki juu ya meza ni kichwa.

Ni kiti cha saba tu kilichokuwa bado kimekaza.

Mtaalamu wa mambo ya kale akaletwa. Akakizunguka kiti cha saba saa nzima. Akaisifu rangi yake ya kahawia iliyoiva. Akapapasa tundu dogo la mviringo lililoachwa katikati ya msuko. Akatamka kwamba huo ndio msuko wa asili wa mji, wa tangu siku ya kwanza, na kwamba wa vile vingine ni viraka vya baadaye; kwenye kijitabu akaandika kuwa tundu lile ni jicho la wananchi linalowatazama viongozi wao.

Mama Viti akaitwa, akakabidhiwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: avisuke vile kumi na kimoja vifanane na cha saba.

"Mdomo ulisema sawa," anakumbuka. "Miguu ilikuwa inatafuta mlango."

Ilitafuta mlango kwa sababu kiti cha saba alikisuka yeye.

Miaka kumi na saba iliyopita alishuka mjini hapa na mfuko mmoja na anwani ya mtu ambaye alikuwa ameshahama. Kwao, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa hakukaliki, na hilo hapendi kulirefusha. Akaanza kufua nguo za watu. Mmoja wa waliokuwa wakimpa nguo ni msuka viti mkongwe ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza.

Mwaka wa pili, Mzee Kimya alishikwa na mgongo, akalazwa hospitali siku tatu. Uani kwake kulikuwa na kiti cha saba cha ukumbi, fremu tupu, kamba zote zimekatwa. Katibu wa wakati ule alikuwa akipita kila siku kukidai.

"Nilimwonea huruma mzee," anasema. "Nikasema, mimi nimekua chini ya viti vya bibi yangu. Nikikisuka, akirudi atakuta mzigo mmoja umepungua."

Vile vingine kumi na kimoja alikuwa hajavitia machoni. Alisuka alichokijua, mkono wa bibi yake, kamba tatu tatu zikizungukana hadi katikati. Kati ya kamba za juu na za chini hubaki nafasi kama mfuko, ambayo lazima ijazwe ili kiti kisibonyee. Nyumbani walijaza majani makavu. Yeye alijaza alichokuwa nacho kwa wingi. Kisha akachemsha majani ya chai, akaipaka kamba mara tatu, akaianika kivulini, maana bibi yake hakupenda kamba mpya. Alisema inang'aa kama mtu mwenye la kuficha.

Mzee Kimya aliporudi alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Nani kakiingilia kiti changu?"

"Mimi, baba."

"Huo si msuko wa hapa."

"Sikujua wa hapa ukoje, baba."

Mzee akakaa ili akitie dosari. Akakaa mpaka jua likapinda. Akaongea habari za mgongo, za hospitali, za wajumbe wote aliowahi kuwasukia, na mwisho akasema, "Mwanangu, usimwambie mtu. Wakijua watakifumua, na kukifumua itakuwa dhambi. Vingine nitakufundisha mkono wa hapa."

Akampelekea katibu kiti, akasema ni kazi yake. Na kweli akamfundisha, miaka kumi na miwili, akiongea muda wote. Msuko wa hapa hauna tundu. Kamba hutoka pembe nne zikaja kukutana katikati kwa mistari minne, kama mgongo wa bahasha. Mzee alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wake wana kazi za ofisini. Mkono wake umebaki kwa mtu mmoja.

"Sasa nikivisuka vyote kama cha saba," anasema Mama Viti, na hapo anasimama tena, "wa Mzee Kimya ndio umekwisha. Mtu kanifundisha miaka kumi na miwili, mimi nimfute kwa miezi miwili? Na watoto wa hapa wasome kwamba huo ndio wao?"

Angeweza kusema mapema. Lakini kulikuwa na barua.

Kwa miaka yote hii amekuwa akiishi kwa kibali cha miaka miwili miwili. Mwaka huu ulitoka utaratibu wa ukaazi wa kudumu, na pamoja na fomu ilitakiwa barua ya taasisi ya mji inayosema mwombaji ana manufaa gani. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini ya mwezi huu. Katibu wa sasa wa ukumbi alimwahidi barua hiyo kwa moyo mweupe. "Utaipata, mama," alimwambia. "Wewe anza tu viti vyetu."

Dada yake mkubwa, aliye nchi nyingine tena, alimpigia simu na hakuzunguka. "Nyamaza, mdogo wangu. Nyamaza mpaka karatasi iwe mkononi. Bibi ameshakufa, hatakuja kudai kiti."

"Bibi hatadai, dada. Najua."

"Basi unahangaika nini?"

Kilichokuwa kikimhangaisha kilikuwa kimelala chumba cha pili. Binti yake ana miaka kumi na minne, amezaliwa mjini hapa, mitaa mitatu kutoka ukumbini. Darasa lao lilipelekwa kuviona viti, wakaambiwa wachore cha saba. Binti amekua akichezea kamba, kwa hiyo alichora kila mkunjo mahali pake. Mwalimu akausifu mkono wake. Kisha akamwambia kwamba mchoro ni mzuri ila hauna roho, kwa sababu huu ni urithi wetu, na yeye si rahisi kuuelewa.

"Aliniambia kwa upole," anasema binti, akikwaruza kona ya meza kwa ukucha. "Angenifokea ningejua la kumjibu."

Siku hiyo aliutupa mchoro mezani, akajilaza na sare yake. Mama akauchukua. Akaliangalia lile tundu la bibi yake lililochorwa na kitukuu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akavaa viatu, akatoka, akauzunguka mtaa mara nne. Aliporudi, akamwamsha binti yake akamwambia kila kitu.

"Kwa hiyo mwalimu..." binti akaanza.

"Mwalimu hana kosa. Kaambiwa."

"Na mimi je, mama?"

Mama akaenda kuloweka kamba. Asubuhi ndipo akaanza kusuka na kufumua.

Siku mbili baada ya kukifumua kiti cha nane kwa mara ya tatu, Alhamisi saa nne, Mama Viti anaingia ukumbini na mkoba wake wa kazi. Katibu yuko mezani pamoja na mtaalamu, wanapitia kurasa za kijitabu kabla hazijachapwa.

"Karibu, mama, karibu ukae," anasema katibu.

"Nitasimama."

"Viti vinaendaje?"

"Haviendi. Katibu, kiti cha saba si cha zamani. Nimekisuka mimi."

Katibu anacheka. "Umekikarabati, unataka kusema."

"Nimekisuka chote. Mzee Kimya alikuwa amelazwa."

"Mama, kiti hicho kina miaka mia."

"Mbao zina miaka mia. Kamba ina kumi na sita."

Mtaalamu anavua miwani. Ni mtu wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya chini. "Na rangi hii? Rangi kama hii haiji kwa miaka kumi na sita."

"Majani ya chai, baba. Unapaka mara tatu."

"Na jicho?"

"Lile tundu? La kupitisha kidole. Bibi yangu alikuwa anabeba viti viwili kwa mkono mmoja, mkono mwingine ana mtoto."

Wanaume wawili wanatazamana. Katibu anashusha sauti, kama mtu anayemwonea haya mwenzake. "Mama, hayo ni maneno. Una ushahidi gani?"

"Kipindueni."

Ndipo ikabainika kwamba mtaalamu, pamoja na saa nzima ya kukizunguka, pamoja na picha arobaini alizopiga, hakuwahi kukipindua kiti. Hakuna aliyewahi. Nani angethubutu kukiweka kichwa chini kitu cha thamani namna hiyo?

Wanakilaza miguu juu. Mama Viti anatoa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, anatenganisha kamba mbili za chini, anaingiza kidole, anavuta. Kinatoka kipande cha karatasi ya buluu, kimekunjwa na kubanwa mpaka kimekuwa kigumu kama kigae. Anakikunjua taratibu juu ya kurasa za kijitabu.

Ni karatasi ya sabuni ya kufulia. Mtaalamu anaisogeza karibu na macho, anaisoma kwa sauti, neno baada ya neno: "Piga namba hii ya simu ya mkononi, ujishindie pikipiki."

Katibu anaigeuza karatasi upande wa pili.

"Zimo nyingi," anaongeza Mama Viti. "Nilikuwa nafua nguo."

"Ujishindie pikipiki," anarudia mtaalamu polepole, na kukaa kwenye kiti kilicho karibu. Ni cha sita. Kinamzamisha hadi magoti yanamfika kifuani.

Katibu hakuwa na kicheko tena. Alimsindikiza hadi mlangoni. "Mama, ungenyamaza tu. Mpiga chapa anasubiri hizi kurasa kesho. Sasa nitawaambia nini wakubwa?"

"Na barua yangu, katibu?"

"Barua..." Akatazama saa ambayo ilikuwa imesimama. "Tusubiri kamati ikae."

Kamati ilikaa baada ya siku tisa. Siku hizo tisa Mama Viti alimaliza viti sita vya wateja, akafagia kibanda mara tatu kwa siku, akatembea kwa miguu kwenda kununua kamba anayoweza kuletewa. Jioni alikuwa akihesabu tarehe zilizobaki kwenye kalenda ya ukutani, kisha anazihesabu upya, kana kwamba kuna moja iliyojificha. Fundi viatu, aliyekuwa ameshaambiwa habari yote, alijaribu kumtuliza.

"Dada, kaa chini. Unanizungusha kichwa."

"Wakinifukuza, nitakaa kwenye basi safari nzima."

"Hawakufukuzi. Nani atawasukia? Mimi? Nitawawekea soli."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Yaliyotokea kikaoni aliyasikia kwa mfagizi wa ukumbi, ambaye huwa na kazi ndefu ya kufuta madirisha kila kamati ikikaa. Mjumbe mmoja alisimama akataka kiti cha saba kifumuliwe siku ile ile, kirudishwe kwenye asili. Mwingine akauliza, kirudishwe na nani? Ikaonekana anayeujua msuko wa asili ni yule yule mwanamke. Mtaalamu naye akasimama, akakiri mbele ya wote kwamba alikosea, na kwamba mji una misuko miwili ya kuandikwa, si mmoja. Bado yule mjumbe wa kwanza akashikilia kifumuliwe.

Wote wakamgeukia mwenyekiti, ambaye mgongo wake una matatizo yake, na ambaye kwa miaka kumi amekuwa akikalia kiti kimoja tu.

"Mimi sishuki hapa," alisema mwenyekiti.

Ikawa ndiyo kauli ya kamati.

Viti kumi na kimoja vitasukwa kwa mkono wa Mzee Kimya. Cha saba kitabaki kama kilivyo. Kijitabu kitaandikwa upya, na mtaalamu ameshaanza kuja kibandani na daftari, akisimama kama wenyeji wake kwa sababu hakuna pa kukaa. Juzi alifundishwa kuloweka kamba. Aliloweka na mkono wa shati.

Barua alipewa tarehe ishirini na saba, mistari mitano na muhuri. Ishirini na nane asubuhi, kabla dirisha la ofisi ya uhamiaji halijafunguliwa, Mama Viti na binti yake walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Amepewa stakabadhi yenye namba. Jibu linaweza kuchukua miezi mitano, pengine zaidi, na linaweza kuwa hapana. Stakabadhi anaiweka kwenye kopo la shazia, na kwa siku hulifungua kopo hilo mara nyingi kuliko anavyohitaji sindano.

Binti aliurudisha mchoro shuleni pamoja na maelezo yake mwenyewe ya nusu ukurasa. Mwalimu aliyasoma mara mbili. Akamwomba mama yake afike siku moja awaonyeshe wanafunzi. "Hakuniomba msamaha," anasema binti. "Ila aliniuliza kamba inalowekwa muda gani. Nikamwambia usiku mmoja."

Leo kiti cha nane kipo mbele ya kibanda, na kamba haikatai. Mistari minne inatoka pembeni kuja katikati. Kabla ya kuifunga, Mama Viti anajaza nafasi ya chini kwa majani makavu, kisha binti anamkabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ule mchoro wa kiti cha saba. Anausukuma ndani kwa shazia mpaka haushikiki tena.

"Mnaficha nini humo?" anauliza fundi viatu.

"Hatufichi," anasema binti. "Tunamwekea atakayekipindua."

Ungedhani sasa Mama Viti angepumua. Lakini kuna kadi. Kila kiti kitawekewa kadi ndogo ukumbini, na jana alikwenda kuiona ya cha saba. Imeandikwa: "Kimesukwa na fundi mgeni." Alimwambia katibu ibadilishwe. Katibu akasema kadi zimeshachapwa, mama, tusisumbuane kwa neno moja.

Jumatatu anapeleka kiti cha nane, na ana mpango. Amemwandikisha binti yake maneno anayoyataka kwenye ukurasa wa daftari, kwa herufi kubwa: "Kimesukwa na fundi wa mji huu, kwa mkono wa bibi yake." Atamkabidhi katibu, kisha atangoja pale mlangoni mpaka aone kadi mpya.

"Na akikwambia ukae usubiri?" anauliza fundi viatu.

Mama Viti anavuta kamba ya mwisho, mguu mmoja kwenye fremu, mwili wote nyuma, na haachi mpaka kiti kinalia.

"Mgeni ndiye anayeambiwa karibu ukae, akakaa, akaletewa maji," anasema. "Mimi tangu nifike mji huu nimesimama."